Madamu na Kesi za Watu Ambao Hawajazaliwa

Nilimwonea wivu Madamu kwa miaka mingi, na sina hakika kama nimeacha. Naliweka hili mbele mapema ili msomaji ajue anasimuliwa na nani. Akinisikia namsifu, ajue sifa hiyo imenitoka kwa shida, na kwa hiyo ni ya kweli.

Alifundisha biolojia katika shule moja ya sekondari hapa Goma, na mimi nilifundisha Kifaransa darasa la jirani. Kati yetu palikuwa na ukuta wa mbao nyembamba. Wanafunzi wangu walikuwa wakinyambua vitenzi huku wakisikia wa kwake wanacheka, na mimi nilikuwa nikisahihisha madaftari huku nikijiuliza ni nini cha kuchekesha katika chembe ya damu. Shule nzima, kuanzia prefe, mkuu wetu wa shule, mpaka mlinzi wa lango, ilimwita Madamu, kana kwamba hapakuwa na madamu mwingine. Walikuwepo. Hao waliitwa kwa majina yao.

Umaarufu wake lakini haukutoka shuleni, ulitoka kwenye kesi. Jumapili mchana, watu wakishatoka misa na kula, walikuja uani kwake, mtaa wa Ndosho, kwenye kiwanja cha mawe meusi ya volkano ambacho hakijawahi kuota hata mchicha. Walileta viti vyao. Yeye alisimama mbele ya mlango, akafunga kitenge vizuri, akaanza kusimulia kesi ya wakati ujao. Washitakiwa wake wote walikuwa watu ambao hawajazaliwa: mtoto aliyebadilishwa damu katika labo kabla ya kuzaliwa ili malaria isimguse, binti aliyetengenezwa kutoka kwa mama wawili, mzee aliyeongezewa kumbukumbu akawa hasahau kitu. Kila mmoja wao alifika mahakamani kwa sababu kuna mtu alikataa kumhesabu kuwa mtu. Padri alikataa kumbatiza, au chifu alikataa kumpa shamba, au karani wa ofisi alikataa kumwandikia kitambulisho.

Nilimuuliza siku moja, wakati wa mapumziko, kwa nini hadithi zake zote ziishie mahakamani. Mimi ningemweka yule binti wa mama wawili kwenye mapenzi, au safarini.

“Ku kanisa wanakuambia mutu ni nini,” alinijibu, “na weye unaitika amina. Ku biro ya serikali wanakuomba tu karte. Lakini ku tribinali, ule mwenye kukukatalia anapashwa aseme sababu, na weye uko pale, unamuangalia mu macho. Ni pale tu, Papa Mwalimu.”

Nilikwenda darasani nikiwa na hasira, kwa sababu nilikuwa nimefundisha fasihi miaka mingi na sikuwahi kulifikiria jambo hilo.

Alikuwa na sheria moja, na sheria hiyo ndiyo iliyowafanya watu wa Ndosho waache mpira waje kwake. Hakusimulia kesi mpaka mwisho. Alifika mahali ambapo mshitakiwa anaketishwa kwenye kreti ya bia, akaikalia yeye mwenyewe, akagawa kazi kwa wasikilizaji: wewe jaji, wewe shahidi, wewe mwendesha mashitaka. Utetezi haukuwa wa mwenye kipaji cha kusema. Ulikuwa wa yule anayemchukia mshitakiwa kuliko wote. Anayechukia ndiye anayetetea, na kabla ya kutetea lazima aseme waziwazi anachukia nini. Baada ya hapo watu wananyanyua mikono, na mikono ndiyo hukumu.

Kila mtu alitaka kuwa avoka, wakili wa utetezi. Mimi nilitaka kuliko wote. Nilikuwa na sauti, nilikuwa na Kifaransa, nilikuwa na hadithi zangu mwenyewe ndani ya sanduku, ambazo nilikuwa nimezituma kwenye mashindano na hakuna aliyenijibu. Nilijua kwamba nikipewa utetezi mara moja tu, watu wangejua ni nani hasa mwenye kipaji katika shule ile.

Utetezi akapewa mke wangu.

Ilikuwa kesi ya mtoto wa mazuku. Huku kwetu mazuku ni ile hewa mbaya inayotoka ardhini na kulala kwenye mabonde madogo karibu na ziwa. Haionekani. Mbuzi anashuka kula majani anabaki hapo hapo, na mtoto akichuchumaa kucheza anasinzia haamki. Madamu alisimulia juu ya wazazi wa Mugunga wa miaka ijayo, waliochoka kuzika, wakaomba labo imbadilishe mtoto wao kabla ya kuzaliwa ili aweze kuivuta hewa hiyo bila kudhurika. Mtoto akakua, akawa analala bondeni na kuamka akipiga miayo. Majirani wakamshitaki. Walidai aliyezaliwa na mtu hawezi kuvuta mazuku akaamka, kwa hiyo huyu hakuzaliwa na mtu, na asiruhusiwe kuoa watoto wa watu.

Mke wangu, Mama Neema, ambaye nyumbani hutoa maneno kwa mafungu madogo madogo, akasema kwa sauti kutoka nyuma, “Mi simupatie binti yangu. Mutoto analala mu mazuku na kuamuka, ule ni mutu ao ni jiwe?”

“Mama Neema, avoka ni weye,” Madamu akasema.

Mke wangu akasimama. Kisha akasema, “Ninachukia ule mutoto juu haogope kitu yenye mi naogopa. Kaka yangu alibakia mu mazuku. Tulikuwa tunachunga mbuzi pamoja, mi nikarudia maji, nikakuta amelala. Kama wangekuwa wamemufanya kama ule mutoto, leo angekuwa hapa, angekuwa na tumbo kubwa, angekuwa ananiomba makuta ya kununua bia. Ningemuita jiwe? Ningemuita kaka.”

Alikaa. Mikono yote ikanyanyuka, na wa kwangu ukiwemo. Nilijua kwamba alikuwa na kaka aliyekufa, hilo aliniambia tukiwa wachumba, kwa sentensi moja. Habari ya maji na mbuzi sikuwahi kuisikia. Nimeishi naye, nimezaa naye, na Madamu ndiye aliyeitoa ile habari ndani yake kwa kumnyooshea kidole tu. Wiki ile sikula vizuri.

Basi nikaamua kuwa na chuki. Kesi iliyofuata ilikuwa ya yule mzee wa kumbukumbu, na tetesi zake zilitoka mapema kwa sababu Madamu alikuwa akijaribu hadithi zake kwa Papa Safari, fundi cherehani wa jirani yake. Nikaenda kwa Papa Safari kupunguza suruali isiyohitaji kupunguzwa. Nikasema kwa nguvu, dirisha likiwa wazi, kwamba mtu asiyesahau ni mchawi, na kwamba mimi nikimwona mtu wa namna hiyo nitavuka barabara. Jumapili ilipofika nikakaa mbele nikiwa nimekunja uso.

Madamu aliniangalia kwa muda. “Papa Mwalimu, weye huna chuki na ule muzee. Uko na hamu ya kusema. Utakuwa mulinzi wa mulango.”

Mlinzi wa mlango wa mahakama hana hata neno moja. Watu walicheka, na mimi nikacheka nao kwa nguvu ili nisiwe peke yangu ambaye hacheki.

Nisimchore kama mtakatifu. Alikuwa mtu wa ajabu ajabu. Alituambia kila Jumapili kwamba kiumbe aliyebadilishwa ni kiumbe kamili, lakini vipandikizi vya muhogo ulioboreshwa ambavyo mradi fulani uligawa alivikataa, akasema hajui sombe yake, yale majani ya kupika, itakuwa na tabia gani. Alitetea watu ambao hawajazaliwa, na hakumsalimia jirani yake wa upande wa pili kwa sababu ya bomba la maji. Alisali kila Jumapili, na kila Jumapili alitoka kabla ya matangazo, akisema Mungu amemaliza na sasa anasema padri. Chaki aliivunja vipande vidogo sana, na kipande ulichomwazima alikuja kukidai. Niliyahesabu haya yote, niliyaweka, na jioni niliyachambua kama mtu anayechambua maharagwe. Hayakunisaidia.

Hakuandika. Hilo nalo lilinichoma. Nilimwambia, Madamu, andika, usipoandika yatapotea. Akasema, “Nikiandika watasoma mwisho kwanza.” Mimi nilikuwa na sanduku zima la karatasi na hakuna aliyesoma hata mwanzo.

Kuna kesi moja ambayo sikuisahau, kwa sababu ilikuwa yangu.

Baba yangu alikuwa mfugaji huko Masisi. Katika ng'ombe wetu wa asili alipata ndama mmoja aliyezaliwa na dume la kizungu la shamba moja kubwa. Alikuwa wa kahawia, pembe fupi, na alipokua alitoa maziwa kuwashinda wenzake wote. Kaka yangu alipotaka kuoa, baba akampeleka yule ng'ombe katika mahari, kwa sababu ndiye aliyekuwa bora zizini, na kwake kutoa kilicho bora ndiyo heshima. Alikosea. Kwetu ng'ombe wa kuchanganya anakamuliwa, anauzwa, anachinjwa, lakini mahari ni ya ng'ombe mwenye ukoo. Wakwe walitoka kuwapokea njiani, wakaona rangi yake na pembe zake, wakasema huyu hana mama tunayemjua. Wakamrudisha kabla hajafika kwenye boma lao. Baba alirudi naye kilima kizima, mbele ya watu, akaazima mwingine kwa mjomba.

Nilimsimulia Madamu habari hii shuleni, siku ya mvua. Nilifika pale baba anapofunga zizi, kengele ikalia. Palikuwa na mwisho wake, lakini tulikwenda madarasani.

Muda si mrefu uani kwake kukawa na kesi ya msichana. Wazazi wake walikuwa na damu ya SS, ile inayowatesa watoto kwa maumivu ya mifupa, na labo ilikuwa imemsahihisha kabla hajazaliwa. Akachumbiwa. Siku ya kupelekwa, ndugu za mume wakapata habari, wakatoka kuwapokea njiani, wakamtazama akiwa na masanduku yake, wakasema huyu hana mama tunayemjua. Wakamrudisha kabla hajafika kwenye boma lao.

Watu walilia. Papa Safari, ambaye nilimfahamu kwa ubishi tu, alijifuta uso na kitambaa cha mteja. Jaji wa kesi alipomuuliza yule msichana, “Baba yako alizaliwa wapi?” na Madamu akajibu kwa sauti ndogo, “Niandikeni wa labo,” walicheka kwanza. Kisha wakanyamaza wote kwa pamoja. Pale uani walikaa watu wa Masisi, wa Bukavu, wa Rutshuru, na hakuna hata mmoja ambaye hajasimamishwa kwenye barieri ya barabarani akaulizwa baba yake alizaliwa wapi, na mtu mwenye silaha akiwa anasubiri jibu. Madamu hakuwataja. Hakuwa na haja.

Mwishoni alisema mbele ya wote, “Hii kesi, ng'ombe yake nilipewa na Papa Mwalimu.” Wakanipigia makofi. Yalikuwa makofi ya kurudishiwa chenji. Nilisimama nikainama kidogo, na moyoni nikaapa kwamba mwisho wa ng'ombe yule hataupata. Ulikuwa mwisho mzuri. Ulikuwa kitu pekee nilichokuwa nacho ambacho yeye hakuwa nacho, na nilikaa nacho miaka kama mtu aliyeficha sukari.

Hata hivyo sikukosa Jumapili moja. Vita vilipowatoa watu vijijini na kambi za Kanyaruchinya zikajaa, uani kwake palijaa pia. Watu walikuja kwa miguu kutoka huko na kukaa juu ya mawe bila viti. Walimuuliza maswali ambayo sisi hatukuwa tukiuliza. Mama mmoja alitaka kujua kama watu wa wakati ujao watakuwa na kwao. Madamu akamwambia atamjibu, akamtolea kiti chake kutoka ndani.

Kisha vita vikaingia mjini kwenyewe. Shule ilifungwa, watu wakatawanyika. Madamu alikwenda kwa ndugu zake upande wa Bukavu, na kwa muda mrefu hatukuwa na habari zake. Nilijisikia vizuri mwanzoni, nasema ukweli. Nikatoa karatasi zangu kwenye sanduku, nikamsomea Mama Neema hadithi moja. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema, “Iko muzuri,” akaenda kuangalia maharagwe. Ndipo nilipogundua kwamba, wakati wote nilipokuwa nikiandika, nilikuwa nikimfikiria Madamu akisikiliza.

Alirudi mwaka huu. Tulikwenda kumsalimia Jumapili, Mama Neema, Papa Safari, mimi na majirani wachache waliobaki. Amekonda, na miguu inamsumbua, hasimami tena. Nyumba yake ilikuwa imeng'olewa mbao za upande mmoja, na viti vyote vilikwisha kuwa kuni za watu. Kreti ya bia ilibaki, kwa kuwa plastiki haiwashi moto mzuri. Alikaa juu yake, sisi tukakaa kwenye mawe.

Hakuna aliyemwomba kesi. Akaanza mwenyewe, bila kusimama. Ilikuwa kesi ya mwanamke mmoja wa wakati ujao, msimuliaji. Wazazi wake walikuwa wameomba labo iweke kipaji ndani yake kabla ya kuzaliwa. Akifungua mdomo, watu wanaacha kazi. Wasimuliaji wengine wa mji, waliojifunza kwa jasho, wakamshitaki. Walidai kwamba sauti ile si yake, ni ya waliomtengeneza, kwamba yeye ni redio yenye miguu, si mtu. Waliomba mahakama imfunge mdomo.

Hakutuangalia mmoja mmoja kama zamani.

“Avoka ni Papa Mwalimu,” akasema.

Nilikuwa nimeyasubiri maneno hayo miaka yote. Papa Safari akageuka kuangalia barabara. Mama Neema akaanza kukunja ncha ya kitenge chake. Hakuna aliyeuliza kwa nini mimi. Hapo nikajua kwamba walikuwa wanajua, wote, tangu zamani, na yeye kabla yao. Nilifikiri kuondoka. Lakini utetezi ni utetezi, na sikuwa na hakika kama nitapewa tena.

Nikasimama. Sheria ni kuanza na chuki.

“Ninachukia huyu mama,” nikasema, “juu akisema, watu wanakuja. Mi nikisema, watu wanaangalia saa.” Papa Safari akacheka, akajikaza. “Ninamuchukia juu nilimupa ng'ombe ya baba yangu, akaifanya yake, na ikakuwa muzuri kuliko mu mukono yangu. Ninamuonea wivu. Sasa nitamutetea.”

Nikafungua ule mwisho.

Niliwaambia kwamba mwaka mmoja baada ya harusi, mke wa kaka yangu alijifungua kwa mama yake na maziwa hayakutoka. Mtoto alilia mpaka sauti ikakauka. Asubuhi moja mama mkwe wa kaka yangu, yule aliyesema ng'ombe yule hana mama anayejulikana, alipanda kilima akiwa na chombo cha maziwa chini ya nguo. Baba alikuwa zizini. Mama yule hakusema amekuja kutaka nini, na baba hakuuliza. Baba alimwambia jambo moja tu: ng'ombe wake wote wanaitwa kwa majina wakati wa kukamuliwa, isipokuwa huyu wa kahawia, kwa sababu tangu arudishwe njiani baba hakuwa na moyo wa kumpa jina. Asiyeitwa hasimami vizuri. Mama mkwe akasogea, akaweka mkono juu ya mgongo wa yule ng'ombe, akamwita Gaju, yaani wa kahawia. Baba akakamua. Mtoto akanywa. Na tangu siku ile wakwe waliposimulia mahari ya binti yao walimhesabu Gaju wa kwanza, ingawa alikuwa bado zizini kwetu.

“Hakuna mwenye aliuliza tena ile maziwa inatoka mu damu gani,” nikamaliza. “Huyu mama, tumekunywa kwake miaka yote. Tumeshiba. Leo njo munauliza walimufanya namna gani?”

Nikakaa. Mikono ikanyanyuka yote. Hata mama mmoja aliyekuwa akipita na beseni la ndizi alisimama akanyanyua wa kwake, bila kujua anampigia kura nani.

Madamu hakunyanyua mkono. Aliniangalia kutoka kwenye kreti ya mshitakiwa.

“Ile mwisho,” akasema polepole, “ulikuwa nayo tangu lini?”

“Tangu siku ile ya mvua, Madamu.”

“Na ulinificha.”

“Nilikuficha.”

Akavuta kitenge chake, akaangalia pembeni, akatabasamu ovyo, kama mtu anayetabasamu ili asionekane amechomwa. Uso ule wa wivu niliujua. Nilikuwa nimeuvaa miaka mingi nyuma ya ukuta wa mbao, lakini sikuwahi kuuona kwa mtu mwingine, na sikujua kwamba unapendeza hivyo.

Nikamwomba Mama Neema tukae kidogo zaidi.